Viti vya Kukodi

Walituita kwa majina matatu, uwanjani Mbale,
Ijumaa, jua la saa nane likipasua turubai:
Kageha, ndiye mimi; Vugutsa; na Amugune wa Kidato cha Pili
aliyekuja na viatu vya kakake, vikimpwaya,
akatembea kama anayevuka mto kwa kurukia mawe.

Mgeni wa heshima akasoma: "Kwa huduma kwa jamii."
Akasoma tena, maana kipaza sauti kilikoroma.
Huduma. Sikujua ina jina kubwa hivyo.
Sisi tulisema tu, "Twende kwa Asava,"
tukaenda, Jumamosi baada ya Jumamosi,
na jembe moja lenye mpini wa mpera.

Chemchemi ya kwa Asava ilikuwa jicho lenye tongo.
Ng'ombe walikanyaga humo, watoto wakachota humo,
na mwaka ule ugonjwa wa kuhara ulipita kijijini
ukabisha kila mlango.
Kwetu ulibisha mara mbili.

Tukachimba. Tukajenga ukuta. Mawe tuliyatoa kilimani,
yale mawe ya Maragoli yasiyopenda kuhama,
na aliyeyabeba, niseme ukweli, si mimi.
Mimi nilikoroga saruji kwa mwiko wa ugali wa nyanya,
mwiko ambao hadi leo ananidai.
Vugutsa alihesabu mifuko.
Amugune aliimba, akajiangushia bomba mguuni.
Ombima ndiye aliyebeba.
Jiwe begani, gunia limekunjwa shingoni,
anapanda bila neno, anashuka bila neno,
na akifika chini anauliza tu, "Mmekula?"

Fomu ya ufadhili iliuliza: Shule? Kidato? Nambari ya usajili?
Ombima aliwahi kuwa na kidato.
Muhula wa pili alidaiwa karo elfu kumi na nne,
mwalimu mkuu akamwambia, "Nenda ukailete,"
naye akaenda kuileta.
Bado anaileta.

Nilitafuta kisanduku cha mtu wa namna hiyo.
Niligeuza karatasi, nikatazama nyuma.
Palikuwa na nafasi ya mhuri, basi.

Na siku ya sherehe alikuwepo, msidhani.
Alitutangulia sote, alfajiri, na mkokoteni:
viti mia mbili vya plastiki, vya kukodi,
shilingi tano kila kiti kuleta, tano kurudisha.
Akavipanga. Akavifuta umande kwa shati lake.
Nilipoitwa niliinuka kwenye kiti alichokifuta
nikamwona nyuma ya hema, anapiga makofi,
viganja vikavu, vipana,
mlio kama wa mbao mbili zinazogongana,
akiendelea hata wengine walipokwisha nyamaza.

Tulipewa hundi ya kadibodi, kila mtu yake,
ndefu kuliko Amugune.
Yangu haikuingia mlangoni. Nyanya akaizunguka,
akauliza ni benki gani yenye dirisha la ukubwa ule.
Usiku mvua ilipoanza akatoka, akaifunika kuni,
upande wenye jina langu ukitazama chini.
Asubuhi kuni zilikuwa kavu.
"Kumbe ina kazi," akasema, akawasha moto.

Jumapili nilishuka kwa Asava na ndoo.
Njia nzima nilikuwa napanga maneno:
samahani, na asante, na nimeongea na mwalimu,
na pengine mwakani, na pengine.
Ombima alikuwa amepiga magoti penye bomba,
anachokoa majani ya mkaratusi yaliyoziba mdomo.
Hakugeuka. Alizijua nyayo zangu, au alijua tu
kwamba yeyote ajaye ana mikono.
"Shika hapa," akasema.

Nikaweka ndoo chini. Nikashika.
Maji yakakohoa, yakanyamaza, yakakohoa tena,
kisha yakaja, yakatulowesha wote wawili vifuani,
na maneno yangu yote sikuyaona yalikopita.